Baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu kwa mwenye goti gumu na mfuko mdogo

Swali: "Nina miaka 63, kimo sentimita 176, uzito kilo 104. Goti langu la kulia lilifanyiwa upasuaji na sasa halikunji kupita nyuzi 100. Baiskeli ya kawaida nimeiacha kwa sababu nikisimama nayo tu nayumba. Nataka ya magurudumu matatu, ile ya kukaa umeegemea, lakini fedha si nyingi. Nichukue yenye magurudumu mawili mbele au mawili nyuma? Mpya ya bei ya chini au iliyotumika? Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea? Na mota niiweke tangu mwanzo?"

Shikamoo, mzee wangu. Nianze na jibu, maelezo yatafuata: tafuta iliyotumika, ya kiwanda kinachojulikana, yenye kiti kilichoinuka. Mengine yote, kuanzia pedali hadi mota, utayabadilisha polepole kadiri mfuko utakavyoruhusu. Katika baiskeli hizi kuna vitu vinne ambavyo ukivikosea siku ya kununua hakuna fundi wa kukuokoa: kimo cha kiti, upana wake, fremu na usukani. Vilivyobaki ni nati na bolti.

Kabla hujatazama hata picha moja ya baiskeli, fanya jaribio hili nyumbani, na mtu awe karibu yako. Kalia kiti cha kawaida cha mezani, ambacho huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, kisha inuka bila kushika kitu. Ukiweza, shuka kwenye kigoda kifupi zaidi, halafu kifupi zaidi ya hicho. Andika kimo cha chini kabisa ulichoweza kuinuka bila mikono, na kile ulichoweza kwa kujisukuma kwa mikono. Vipimo hivyo viwili vitakuchagulia baiskeli kuliko ushauri wa muuzaji yeyote. Za mwendo kasi huweka kiti sentimita 20 hadi 25 tu kutoka ardhini. Za matembezi nyingi ziko kati ya 30 na 40, na chache hufika 50 au kupita. Mtu anayeinuka kutoka chini hulazimika kuvuta nyayo zake ziwe chini ya mwili, na hapo ndipo goti hudaiwa kukunja sana. Kwa goti la nyuzi 100, nadhani chini ya sentimita 40 utakuwa unaomba msaada kila unaposhuka, na baiskeli ya kuombewa msaada huishia stoo.

Sasa swali lako la kwanza. Yenye magurudumu mawili mbele humkalisha mwendeshaji katikati ya magurudumu hayo, chini, miguu ikitangulia. Sehemu kubwa ya uzito, mara nyingi theluthi mbili hivi, huangukia mbele penye upana. Ndiyo maana hushika kona vizuri, na breki zake mbili za mbele husimamisha kwa nguvu. Adha yake ni kupanda na kushuka. Unaingia kati ya gurudumu na bomba refu linalobeba pedali, unageuka, unajishusha kinyumenyume bila kuona kiti, na wakati wa kutoka unarudia hayo yote ukipambana na mvuto wa dunia.

Yenye magurudumu mawili nyuma kwa kawaida ina kiti cha juu zaidi, na ubavuni hakuna gurudumu la kuvuka. Unakaa upande upande, kisha unageuza miguu mbele. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa goti lako. Lakini ina tabia tatu ambazo lazima uzijue. Ukiingia kona kwa kasi huku umefunga breki, uzito hukimbilia mbele penye gurudumu moja na gurudumu la nyuma la upande wa ndani linaweza kuinuka. Halafu, nyingi za bei nafuu husukumwa na gurudumu moja tu la nyuma, kwa hiyo kwenye mchanga au nyasi zenye umande hilo gurudumu huzunguka bure wakati mwenzake ametulia. La tatu ni breki: zipo zenye breki ya mbele pekee, na mbele hakuna uzito wa kutosha, hivyo gurudumu linafunga na kuserereka. Usikubali yoyote isiyo na breki kwenye magurudumu ya nyuma.

Kwa hali uliyonieleza mimi ningekwenda na mawili nyuma, mradi njia zako hazina miteremko mirefu ya kukimbiza. Kama zina miteremko hiyo, tafuta yenye mawili mbele ya ile jamii ya viti vya juu, ufunge vishikio vya kuinukia, ambavyo nitavieleza mbele.

Jambo moja nilitaje nipite: kuna baiskeli za magurudumu matatu za kukaa wima, zenye kapu kubwa nyuma, na bei yake huvutia. Watu wengi wenye tatizo la mizani huishia kununua hizo. Mwendeshaji yuko juu, upana wa magurudumu ni mdogo, na chombo hakilali kwenye kona kama baiskeli ya kawaida inavyolala. Kona moja ya kasi ya kawaida tu inatosha kukumwaga. Kwa mwendo wa kutembea kwenye njia tambarare zinafaa. Zaidi ya hapo, hapana.

Kuhusu mpya au iliyotumika. Ya kuegemea mpya, hata ya ngazi ya chini, huzidi mara kadhaa bei ya baiskeli nzuri ya kawaida, na watu hudhani wanaibiwa. Hawaibiwi, zinatengenezwa chache. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa ameegemea kwenye baiskeli ya Charles Mochet, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuipita rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1914. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, kiliandika upya masharti ya baiskeli ya mashindano, na mtindo wa kuegemea ukaachwa nje. Tangu hapo fedha za mashindano na za viwanda vikubwa zimeelekea kwingine. Hizi zimebaki kazi ya karakana ndogo, na kitu cha karakana ndogo hakijawahi kuwa cha bei poa.

Ya bei ya chini sana iliyo mpya hupunguza gharama mahali usipopaona: bushi za usukani (vipete ambamo mhimili wa kugeukia huzunguka), ekseli za magurudumu, ubora wa weldi. Iliyotumika ya kiwanda kizuri imechakaa mahali unapopaona, yaani matairi, cheni, waya na kitambaa cha kiti, na hivyo vyote vinauzwa. Mara nyingi utakuta ilinunuliwa na mtu mwenye nia njema, ikaendeshwa kidogo, ikafunikwa turubai. Ukiiona TerraTrike Rover, hiyo ina mawili mbele, imeundwa kwa wanaoanza, kiti chake kiko juu kuliko cha wenzake, na kiwanda kimeipima kubeba kilo 181 hivi. Sun EZ-3 ni ya mawili nyuma na ni ya jamii ya bei nafuu. Baiskeli za viwanda vya Catrike na ICE zina fremu nzuri sana, lakini miundo yao mingi iko chini mno kwa goti lako, kwa hiyo bei ikikutamanisha kumbuka kigoda. Kwa uzito, chukua kilo zako 104, ongeza nguo, maji, mzigo na betri utakayoweka baadaye. Unatafuta fremu iliyoandikwa kilo 130 au zaidi, na kiti ambacho nyonga zako zinaingia bila kubanwa na mabomba ya pembeni.

Ukienda kuitazama, beba rula na kitambaa. Futa vumbi mahali bomba lililokingama linapoungana na bomba kuu, na chini ya kiti, na pale bomba la pedali linapoingia kwenye fremu. Unatafuta mstari mwembamba kwenye rangi, kando ya weldi. Kwenye alumini, ufa ni mwisho wa mazungumzo. Kwenye chuma fundi hodari anaweza kuurudishia, ila bei nayo ishuke. Baada ya hapo inua upande mmoja, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likigonga, ni beringi au bushi ya usukani. Beringi ni kitu kidogo. Bushi ya usukani uliza kwanza kama kiwanda bado kinaiuza.

Cheni ipime kwa rula: vipande 12 kamili (kimoja ni cha ndani na cha nje kwa pamoja), pini hadi pini, kwenye cheni mpya ni milimita 304.8. Ikisoma 306.5 imefika wakati wa kubadilishwa, na ikipita 308 kuna uwezekano mkubwa meno ya gia nayo yamelika. Kumbuka kuwa cheni ya baiskeli hizi ni ndefu karibu mara tatu ya kawaida, utanunua tatu uziunganishe. Ahueni ni kwamba kwa urefu huo inachakaa polepole, kwa sababu kila kipande kinapita kwenye meno mara chache zaidi.

Kisha iendeshe. Kwenye yenye mawili mbele, ukiwa mwendo mdogo funga breki ya kulia peke yake, halafu ya kushoto. Iliyoundwa vizuri huvuta kidogo tu upande huo. Mbaya inakunyang'anya usukani. Tazama pia matairi ya mbele. Yakiwa yamelika kwa vinyuzi vinyuzi kama yamesuguliwa na msasa, magurudumu hayako sambamba. Hilo si la kukukimbiza. Pima umbali kati ya rimu na rimu kwa mbele, kisha kwa nyuma, ukiwa kwenye kimo cha ekseli. Kwa mbele paweze kulingana na nyuma au pawe pafinyu kwa milimita moja au mbili. Fimbo inayounganisha magurudumu huzungushwa kwa spana kurekebisha hilo, kazi ya nusu saa. Mimi hupenda kuona kasoro hii kwa muuzaji, maana inashusha bei na dawa yake ni bure.

Kuhusu fundi wa kuchomelea. Bila shaka anaweza kukutengenezea chombo cha magurudumu matatu kitakachotembea. Swali ni kama kitakatika, na wapi. Baiskeli ya kawaida hulala kwenye kona, kwa hiyo magurudumu yake hubanwa kwa juu tu. Ya magurudumu matatu hailali, na nguvu ya kona husukuma gurudumu kwa ubavu. Tena magurudumu yale mawili mara nyingi yameshikwa upande mmoja tu. Fundi akichukua habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya kawaida yenye ekseli ya milimita 9 au 10, iliyoundwa kushikwa pande zote mbili, akaishikiza upande mmoja, ekseli hiyo itapinda au kukatika, na itachagua kona ya kufanyia hivyo. Za viwandani hutumia ekseli nene, milimita 12 na kuendelea, zilizotengenezwa kwa ajili ya kushikwa upande mmoja.

Kisha kuna jiometria ya usukani wa mawili mbele. Ukikata kona, gurudumu la ndani linapita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Na mhimili wa kugeukia wa kila gurudumu lazima uegemezwe ili mstari wake ufike ardhini karibu na katikati ya pale tairi linapogusa, la sivyo kila jiwe na kila breki itakuvuta mikono. Fundi ambaye hajawahi kuitengeneza hawezi kuibahatisha kwa macho. Kama roho yako iko kwenye kutengenezewa, mpe kazi yenye magurudumu mawili nyuma, ambayo usukani wake ni wa baiskeli ya kawaida, na ekseli ya nyuma inunuliwe ikiwa kamili pamoja na beringi zake. Ila ukijumlisha chuma, sehemu, na marekebisho ya mara ya pili na ya tatu, hutapata nafuu kubwa kuliko ya iliyotumika. Fundi huyo mtunzie kazi ndogondogo, atakufaa sana.

Sasa goti, ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lako hata kama hukuliuliza. Kunyonga pedali zenye kranki, yaani mkono unaobeba pedali, ya kawaida ya milimita 170 hudai goti likunje takriban nyuzi 105 hadi 115 pale pedali inapokuwa karibu zaidi na mwili. Lako linaishia 100. Watu watakuambia usogeze bomba la pedali mbele. Ukilisogeza, goti linapumua pale pedali ilipo karibu, kweli, lakini pale ilipo mbali mguu unanyooka hadi unavutwa na nyonga zinaanza kuyumba kitini. Bomba linahamisha duara lilipo. Ukubwa wa duara unapangwa na kranki. Kwa hiyo dawa ni kranki fupi, 150 au pungufu zaidi.

Njia ya bei nafuu ni vibati vya kufupisha kranki: vipande vya chuma vyenye matundu vinavyofungwa kwenye kranki uliyonayo na kukuwezesha kusogeza pedali karibu na kitovu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kufunga upande wa kulia tu, ukaacha mguu wa kushoto ulio mzima ufanye kazi kwa urefu wake, na baada ya miezi, goti likilegea, ukahamia tundu la nje. Njia nyingine ni mchonga vyuma akutobolee tundu jipya kwenye kranki zako za alumini, kama zina unene wa kutosha. Mwambie uzi wa pedali ni inchi 9/16, nyuzi 20 kwa inchi, na wa upande wa kushoto unafungwa kinyume. Asipojua hilo la kushoto, tafuta mwingine. Kabla ya yote, muulize mtaalamu wako wa tiba ya viungo kama goti linaruhusiwa kufika ukomo wake mara 60 kwa dakika, au libakiziwe nyuzi kadhaa za akiba. Mimi ningelibakizia.

Kupima urefu wa bomba: kaa sakafuni mgongo ukiwa ukutani, nyoosha mguu wa kushoto, pima kutoka ukutani hadi unyayoni. Kipimo hicho mpe muuzaji kabla hujasafiri. Ukishakaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa mbali kabisa. Mguu wa kushoto uwe karibu umenyooka bila kujivuta. Ukirudisha unyayo mahali pake goti litabaki limekunja kidogo. Maumivu ya mbele ya goti kwa kawaida yanasema uko karibu mno na pedali, ya nyuma ya goti yanasema uko mbali mno. Ukilisogeza bomba kwa kiasi cha maana, cheni nayo itabidi iongezwe au ipunguzwe, kwa hiyo maliza suala la kranki kwanza.

Hapa nina sharti moja ambalo silegezi: miguu ifungwe kwenye pedali tangu siku ya kwanza. Kwenye baiskeli ya kuegemea mguu uko mbele yako. Ukiteleza kwenye pedali huku chombo kinakwenda, unyayo unagusa ardhi, unashikwa, na baiskeli inaendelea mbele ikiukunja mguu chini ya kiti. Huvunja mfupa, na kwa mguu wenye goti lisilokunja ni balaa. Viatu vya kubana kwenye pedali vinafaa kwa wenye vifundo imara. Kwako ningependelea vikombe vya kisigino, yaani pedali yenye kikalio cha nyuma na mikanda miwili ya kunata. Unaingiza mguu na kiatu chochote, na mguu wote unabebwa hata msuli ukichoka. Fundi wako wa kuchomelea anaweza kutengeneza vikombe hivyo kwa bati na mkanda, ndiyo kazi niliyosema umtunzie.

Gia. Kwenye kilima huwezi kusimama juu ya pedali ukatumia uzito wa mwili. Kuna miguu tu, na mgongo unaosukuma kiti. Ukisukuma gia nzito, nguvu yote hiyo inapita gotini. Kwa upande mwingine, magurudumu matatu hayaanguki, kwa hiyo unaweza kupanda taratibu kuliko mtu anayetembea na bado ukawa umekaa salama. Tumia fursa hiyo. Mfano: gurudumu la nyuma la inchi 20 lina mzunguko wa mita 1.52 hivi. Gia ya mbele ya meno 30 na ya nyuma ya meno 34 hukusogeza mita 1.34 kwa kila mzunguko wa pedali, yaani karibu kilomita 5 kwa saa ukinyonga mara 60 kwa dakika. Badilisha ile ndogo ya mbele iwe ya meno 24, na sasa ni mita 1.07, chini kidogo ya kilomita 4 kwa saa. Sahani moja ya gia ni kitu cha bei ndogo, na katika maboresho yote ninayoyajua hakuna linaloupa mguu nafuu kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo. Kagua tu kama kranki yako ina gia tatu mbele. Kama matundu ya bolti ya gia ndogo yako kwenye duara la milimita 74, meno 24 yanaingia.

Na ukiwa na uchaguzi, chukua yenye gurudumu la nyuma la inchi 20 sawa na ya mbele. Gia zinakuwa nyepesi zenyewe, na utahitaji tairi moja na tyubu moja ya akiba kwa magurudumu yote. Wapenda kasi hupendelea gurudumu kubwa nyuma, na ni kweli hupita mashimo kwa ulaini zaidi, lakini si shida yako. Soma namba pembeni ya tairi: unataka 406, saizi ya BMX, inayopatikana karibu kila penye baiskeli. Kuna saizi nyingine nayo huitwa inchi 20, ya 451, ambayo ni adimu na haiingiliani na hiyo. Chagua tairi pana, milimita 40 hadi 50 kama nafasi ipo, maana huwezi kujinyanyua kitini unapoona shimo, na tairi pana lenye upepo wa kadiri ndilo springi ya mwenye fedha kidogo.

Vitu vidogo, kwa mpangilio ambao mimi ningevinunua. Breki ya kuegeshea kwanza: baiskeli ikisogea wakati unajisukuma kuinuka, unakwenda chini nayo. Kama haipo, mkanda wa mpira unaobana mkono wa breki unatosha kwa kuanzia. Kisha vishikio viwili vya kuinukia, mabomba mafupi yanayosimama kila upande wa kiti, yafungwe kwa klampu na si kwa kuchomelea, hasa kwenye alumini, ambayo joto la weldi huidhoofisha. Vioo viwili, kwa kuwa kuegemea kunafanya shingo isigeuke vya kutosha. Bendera kwenye fimbo ndefu, ipite kichwa chako, na taa ya nyuma iwake hata mchana. Madigadi kwenye yenye mawili mbele si urembo, kwani matairi yako karibu na viwiko, yanarusha tope na yanaweza kusugua mkono. Kiti cha wavu kikilegea, kaza kamba zake kabla hujanunua kingine. Egemeo la shingo utalihitaji tu ukilaza kiti sana, na kwa kuanzia nakushauri ukisimamishe kadiri kinavyoruhusu.

Mota iwe ya mwisho. Endesha kwanza kwa gia nyepesi na kranki fupi, ndipo utajua unahitaji msaada kiasi gani na wapi. Huenda ni kilima kimoja tu. Ukifika hapo, kwa yenye mawili mbele ile ya kwenye kranki ndiyo inayofungika kirahisi. Pima upana wa bomba la ekseli ya pedali, liwe milimita 68 hadi 73, ambazo vifaa vingi vinakubali. Hakikisha pia kama kranki za mota hiyo zinapatikana kwa ufupi unaotaka, vinginevyo utarudi kwenye vibati. Kwa yenye mawili nyuma watu hupenda kuweka mota kwenye habu ya mbele kwa sababu ni rahisi kufunga. Hufanya kazi kwenye lami, ila gurudumu hilo lina uzito mdogo na kwenye changarawe ya mlimani huzunguka papo hapo. Ukiifunga hivyo, weka mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isijizungushe kwenye uma, yaani mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele.

Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu wati 250 na msaada unaokoma kilomita 25 kwa saa bila kuihesabu kama pikipiki. Kwingine sheria ni nyingine, ziulize kabla ya kulipa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina takriban wati-saa 500, na kwa matumizi ya wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita utapata kilomita 33 hadi 50. Ifungwe chini, karibu na kiti, isikae juu ya keria. Nunua mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme. Na mota nyingi huamka pedali inapobonyezwa au kuzungushwa, kwa hiyo wakati wa kupanda na kushuka, mguu ukiwa unatafuta mahali pa kukanyaga, breki ya kuegeshea iwe imefungwa na swichi kuu iwe imezimwa. Iwashe baada ya miguu yote miwili kuwa ndani ya vikombe.